Ustadi na Ubunifu katika Jiometri: Habari ya Wachoraji wa Mchanga

Wazazi wa parokia zetu za Lubumbashi hutuuliza mara kwa mara swali moja juu ya masomo ya watoto wao. Wengine husema: Mtoto ashike kwanza kwa kichwa yale aliyopewa na mwalimu, kutunga ya kwake kutakuja akiwa mkubwa. Wengine hukataa: Mwacheni atafute mwenyewe, maana mkimfunga kwa kanuni tangu utotoni atakuwa kasuku. Mabishano haya huwa makali hasa juu ya jiometri, yaani elimu ya mistari, pembe na maumbo, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watoto wengi katika mitihani. Tumeyasikia hata kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa, baba na mama wa nyumba moja wakiwa pande mbili.

Hatutaki kuyaamua kwa maneno matupu. Twapenda kueleza habari ya jirani zetu wa upande wa magharibi, ambao walilijibu swali hili kwa vidole vyao zamani, kabla ya shule ya kwanza ya misioni kujengwa huku kwetu. Watu hao ni Wachokwe.

Lakini kwanza tukiri kosa letu. Tulipokuwa seminarini tulisoma jiometri kwa Kifaransa, na tuliisoma kama watoto wanavyosoma katekisimu, swali na jibu. Pembetatu ABC, pembe hii ni sawa na ile, kwa hiyo upande huu ni sawa na ule. Tulijua hoja nyingi bila kukosa neno hata moja. Siku ya mtihani mwalimu akafanya jambo dogo tu: akaichora pembetatu kichwa chini, na mahali pa ABC akaandika MNP. Darasa zima likanyamaza. Kijana mmoja akainua mkono akasema kwamba somo hili hatujalifikia. Hatukuwa wajinga, wala hatukuwa wavivu. Tulikuwa na maneno ya ustadi, na ustadi wenyewe hatukuwa nao. Baadaye, tulipowafundisha wakatekumeni, tuliwaona wakijibu maswali yote ya katekisimu kwa utaratibu, na ukibadili utaratibu wakaduwaa, tukaikumbuka pembetatu ile.

Wachokwe wanakaa kaskazini-mashariki ya Angola, kaskazini-magharibi ya Zambia, na kwetu Kongo katika nchi ya Dilolo na Sandoa, ambayo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 imo katika jimbo la Lualaba. Hapa Lubumbashi pia wako wengi. Wazee wao walikuwa na desturi moja ya kupendeza. Watu wakikutana uwanjani kijijini, au kambini kwa wawindaji, wakakaa kando ya moto au chini ya mti wenye kivuli, msimuliaji hulainisha mchanga kwa kiganja, kisha husimulia huku akichora kwa kidole. Mchoro wa namna hiyo huitwa lusona, na ikiwa ni mingi huitwa sona.

Tazameni namna ya kuchora. Kwanza mchoraji hutia nukta mchangani kwa ncha za vidole, safu kwa safu, zote zikiwa na nafasi sawa kati yake, kama miche ya kabichi katika bustani iliyopangwa vema. Hapo hajachora kitu bado. Kisha huanza mstari. Mstari huo hupita kati ya nukta, huzizunguka, hujikata wenyewe mara nyingi, na ukifika pembeni mwa safu hurudi ndani, kama mpira uliopigwa ukutani. Kidole hakiinuliwi. Katika michoro mingi mstari ni mmoja tu tangu mwanzo hata mwisho, nao humalizikia palepale ulipoanzia, na kila nukta imepata nyumba yake.

Hadithi moja ya sona twaitaja kwa sababu inatuhusu sisi Wakristo kwa karibu. Juu ya mchoro yuko Mungu, ambaye Wachokwe humwita Kalunga. Upande mmoja liko jua, upande wa pili uko mwezi, na chini yuko mtu. Jua lilikwenda kumwamkia Mungu, likapewa jogoo, likamtunza usiku ule bila kumla. Mungu akaliambia liende na jogoo wake, ila lirudi kila siku. Mwezi nao ukafanya vivyo hivyo, ukaambiwa urudi kila baada ya siku 28. Mtu alipokwenda alikuwa na njaa ya safari. Akamla jogoo, akalala hata jua likapanda juu. Mungu akamwuliza habari za jogoo, mtu akakiri. Akaambiwa kwamba jua na mwezi hawakumwua jogoo wao, kwa hiyo hawafi. Yeye aliyemwua wa kwake atakufa kama jogoo, na akifa atarudi kwa Mungu. Hadithi hii si Maandiko Matakatifu, nasi hatuwafundishi watu kana kwamba ni Maandiko. Lakini padri anayehubiri juu ya Adamu na Eva kwa wazee wa Sandoa hawezi kusema kwamba ardhi aliyoikuta ilikuwa tupu.

Turudi kwenye swali letu. Je, Wachokwe walijifunzaje? Michoro myepesi vijana walifundishwa katika mukanda, yaani kambi ya jando. Michoro migumu ilikuwa ya mabingwa, walioitwa akwa kuta sona, maana yake wale wanaojua kuchora, nao waliwarithisha wana wao. Bingwa alipaswa kuchora mbio na kwa ulaini, bila kusimama. Akisita katikati, watu waliozunguka walitabasamu kwa dhihaka, maana kusita ni alama ya kutojua. Hapo, msomaji mpenzi, unaona ustadi mtupu: kushika kwa kichwa, kuzoeza mkono, kuogopa aibu. Mzazi wa upande wa kwanza atafurahi.

Asifurahi upesi. Ikiwa kazi ilikuwa kukariri tu, michoro ile mipya ilitoka wapi? Maana iko mingi. Mreno Mário Fontinha aliikusanya mingi katika Angola, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1983. Mwanahesabu Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952 akafanya kazi yake katika Msumbiji hata kufa kwake mwaka 2014, aliichunguza kwa miaka mingi. Akaona kwamba haikuzaliwa ovyo, bali iko jamaa kwa jamaa. Mchoro mdogo na mchoro mkubwa huwa na mwendo mmoja, ila nukta zimezidishwa. Tena akaona njia za kuunganisha michoro miwili ya mstari mmoja hata iwe mchoro mmoja mkubwa, nao ukabaki wa mstari mmoja. Kwa hiyo wale mabingwa hawakuwa na mafungu ya picha kichwani tu. Walikuwa na kanuni, na mwenye kanuni aweza kuzaa kitu ambacho baba yake hakukichora.

Hapa twaomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa kuwa pana jambo tamu. Chukua mchoro unaofanana na mkeka uliosukwa. Tia nukta safu 2, kila safu nukta 3. Ukipitisha mstari kwa kanuni tuliyoeleza, utamaliza kwa mstari mmoja. Sasa tia safu 3, kila safu nukta 3. Hutaweza, hata ukichora mpaka jioni. Utahitaji mistari 3. Sababu ni nini? Tafuta namba kubwa kuliko zote inayoweza kugawanya hesabu ya safu na hesabu ya nukta za safu bila kubakiza kitu. Namba hiyo ndiyo hesabu ya mistari. Kwa 2 na 3 namba hiyo ni 1. Kwa 3 na 3 ni 3. Kwa 4 na 6 ni 2. Walimu wa hesabu huiita kigawo kikubwa cha shirika, na wanafunzi huona ni jambo kavu la kujaza madaftari. Euclides wa Aleksandria, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha namna ya kuipata kwa kupunguza ndogo katika kubwa tena na tena. Ukiwa na nukta 5 kwa 8, kata mraba wa 5 kwa 5, itabaki 5 kwa 3. Kata 3 kwa 3, itabaki 2 kwa 3. Kata 2 kwa 2, itabaki 2 kwa 1. Kata tena, itabaki nukta 1, na nukta moja huzungukwa na mstari mmoja. Basi 5 kwa 8 ni mstari mmoja. Twajua wengine watalisoma fungu hili mara mbili. Walisome wakiwa na kijiti mkononi na mchanga mbele yao, wala si kwa macho peke yake.

Hatusemi kwamba mzee wa Kichokwe alimjua Euclides, wala kwamba aliweza kuithibitisha kanuni hii kama inavyothibitishwa katika chuo kikuu. Kuna watu ambao, kwa kulipenda taifa letu kupita kiasi, husema kila kitu kilijulikana na babu zetu. Hilo si heshima kwa babu. Ni kumvika kanzu isiyo yake. Twasema tu kwamba mkono uliochora mara elfu ulijua mahali pa kuongeza safu moja ili mstari usikatike, na kwamba ujuzi huo ni wa akili.

Jambo kama hilo limeandikwa pia juu ya Wakuba wa Kasai. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mhungaria Emil Torday aliwakuta watoto wa Bushongo wakicheza mchangani. Walichora nyavu za mistari, wakamtaka naye azichore bila kuinua kidole wala kupita mara mbili juu ya mstari uleule. Mgeni akashindwa, na watoto wakafurahi sana. Sasa, hesabu ya mchezo huu ilielezwa Ulaya mwaka 1736 na Leonhard Euler, kwa ajili ya madaraja 7 ya mji wa Königsberg, ambayo watu walitaka kuyapita yote mara moja moja tu. Euler akaonyesha kwamba yatosha kuhesabu njia zinazokutana kila mahali: zikiwa njia za hesabu isiyogawanyika kwa 2 katika mahali zaidi ya pawili, safari haiwezekani, zikiwa hivyo mahali pawili tu, lazima uanzie pamoja na kumalizikia pengine. Watoto wa Bushongo hawakuwa na barua ya Euler. Lakini walijua pa kuanzia, na ndipo Torday alipokosea.

Tofauti kati ya mtoto yule na Euler ni ipi? Mtoto alijua kufanya. Euler aliuliza kwa nini, tena juu ya nyavu zote, hata zile ambazo hakuna mtu aliyezichora. Kuuliza huko ndiko ubunifu wa jiometri. Lakini naye Euler hakuanzia hewani. Alipofikia madaraja yale alikuwa tayari bingwa aliyefanya hesabu usiku na mchana tangu ujana.

Mji wetu nao uliwahi kuwa uwanja wa mabishano haya, ingawa kwa rangi, si kwa nukta. Mwaka 1946, wakati Lubumbashi bado ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Yeye alikuwa wa upande wa pili kabisa. Hakutaka kuwapa wanafunzi wake vielelezo vya Ulaya wavifuate. Kila mmoja atafute njia yake. Wakatoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki zake, Mwenze Kibwanga na vistari vyake vifupi vilivyosongamana, na Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens akaanzisha katika mji huohuo akademi ya sanaa, yenye mafundisho ya taratibu. Romain-Desfossés akafa mwaka 1954.

Watu husema Hangar ni ushuhuda kwamba mwalimu asifundishe. Sisi twaona vingine. Tazameni kazi za Bela: alama moja ya kidole, kisha nyingine, kisha nyingine, mamia juu ya karatasi moja. Siku ya kwanza ile ilikuwa ubunifu. Baada ya miaka ilikuwa ustadi, mgumu kuigwa kama mchoro wa akwa kuta sona. Mwalimu hakumpa kanuni, basi akajiwekea kanuni mwenyewe na kuitii. Hakuna aliyefika mbali bila kutii kitu fulani. Na katika jiometri kuna taabu moja zaidi: rangi ikikosewa waweza kusema ulikusudia, lakini mistari 3 haiwi mmoja kwa kusema.

Wala kazi hii si ya Afrika peke yake. Wamonaki waliopamba kitabu cha Injili kiitwacho Kitabu cha Kells, yapata mwaka 800, walisuka mistari inayopita juu na chini kwa namna inayofanana na sona. Wanawake wa kusini ya Bara Hindi huchora michoro ya jamaa hiyo kwa unga mbele ya milango yao asubuhi. Gerdes naye, baada ya kuzoea sona kwa miaka, alijaribu kutia rangi nyeusi na nyeupe kwa zamu katika vyumba vidogo ambamo mstari unapita. Yakatokea mapambo mapya yenye kanuni zake, akayaita ya Lunda, kwa kukumbuka nchi ya Lunda ambako sona zilichorwa. Ona basi: mwanafunzi wa kigeni alijifunza ustadi wa wazee, na ndani ya ustadi huo akakuta mlango ambao wazee hawakuufungua.

Lakini wazee wenyewe wamepungua sana. Biashara ya watumwa, kisha utawala wa kigeni, kisha vita ya Angola, viliwatawanya watu waliokuwa wakikaa pamoja jioni. Vijana walikwenda migodini, na mukanda ukafupishwa. Nasi makatekista hatukosi lawama. Tulipoona alama mchangani, baadhi yetu tulifikiri ni mambo ya waganga, tukawaambia watoto wazifute. Hatukuuliza. Mwaka 2023 UNESCO iliziandika sona za Angola katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni heshima njema, ila mkono wa mzee aliyekufa hauamki kwa kuandikwa.

Ndiyo maana tulifurahi mwaka jana tulipomkuta mzee mmoja wa kutoka Sandoa ameketi katika ua wa parokia yetu, akimsubiri mwanawe baada ya Misa ya pili, akichora mchangani mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza. Alichora nukta 4 kwa 5, mstari mmoja, haraka hata macho yetu yalimpoteza. Mara ya pili akasimama katikati, akafuta.

"Nkambo, kwa nini umefuta? Ilikuwa nzuri," mtoto mmoja akamwuliza.

"Nimesita, mjukuu wangu. Aliyesita amekwisha."

Mtoto yule akachukua kijiti ajaribu mwenyewe. Akatia nukta 4 kwa 4, kwa kuwa aliona mraba unapendeza zaidi. Mstari wake ukarudi ulipoanzia, na nukta nyingi zikabaki nje. Akaanza mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Akakasirika, akasema mchanga ni mbaya. Mzee hakumweleza neno. Alinyosha mkono, akaongeza safu moja ya nukta 4 pembeni, akamrudishia kijiti. Mtoto akachora tena polepole, ulimi nje, na mstari ukafunga.

Sisi tulitaka kuingilia na kueleza habari za kigawo kikubwa cha shirika. Twamshukuru Mungu tulinyamaza. Maana Jumapili iliyofuata mtoto alikuja na daftari lenye mikeka kurasa 11, mingine imechorwa vibaya, mingine imefutwa hata karatasi ikatoboka, na pembeni mwa kila mmoja ameandika hesabu ya mistari. Tukampa 6 kwa 9. Kabla ya kutia nukta ya kwanza aliandika 3 juu ya kiganja chake, akafumba mkono, ndipo akaanza kuchora.